Vienna Nisikofika

Mimi sijawahi kufika Vienna, Ngoie. Hata siku moja. Hata kupita juu yake kwa ndege sijapita, maana ndege yenyewe sijaipanda.

Haya, nimeshasema. Sasa ndiyo nikusalimu. Jambo, mwanangu, mama yangu wa jina. Kaa kitandani, usije kwanza chumbani kwangu, maliza kusoma. Ukimaliza uje unigombeze, mlango sitaufunga. Nilifikiri nikutilie barua hii mfukoni mwa koti uisome kesho huko juu ndani ya ndege, halafu nikaona ni woga tena, maana huko juu huwezi kumgombeza mtu. Ndiyo sababu nimeiweka kwenye mto wako.

Wewe uko Braamfontein unaaga rafiki zako. Papa wako yuko kazini Randburg, analinda maofisi ya watu mpaka kesho asubuhi, halafu atakuja moja kwa moja kutupeleka uwanja wa ndege. Mimi niko mezani jikoni na daftari lako la hesabu la darasa la saba, lilibaki na kurasa safi nyingi. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kupatana bei ya kusuka, hakitoshi kwa jambo hili. Wewe Kiswahili unakisikia vizuri, ni mdomo tu ndio mvivu. Soma polepole.

Mambo ya safari sitayaandika. Koti, dawa, karatasi gani uonyeshe wapi, Papa wako amekuandikia kurasa mbili, utafikiri anapeleka jeshi. Mimi nina hili moja tu.

Ile picha ya sebuleni. Mimi nimesimama, mwembamba kama sindano, nimevaa koti refu jekundu, nyuma yangu jumba kubwa la manjano lenye madirisha yasiyohesabika, maua yamepangwa kama nywele zilizosukwa, na maji yanaruka. Umekua ukiiangalia hiyo. Wageni wote wa nyumba hii wameonyeshwa kabla ya kupewa maji ya kunywa. Ngoie, lile jumba ni turubai. Lilikuwa limetundikwa kwa misumari kwenye ukuta wa studio ya Papa Fidèle, hapa Yeoville, ghorofani juu ya duka la muuza nyama. Ukiinusa ile picha vizuri, mimi nafikiri mpaka leo itanuka nyama.

Nilikuwa na miezi mitano hapa Johannesburg. Nilipotoka Lubumbashi niliaga kwamba napita tu, kuna mtu atanitengenezea njia ya Ulaya. Mtaa wote wa Katuba ulinisindikiza. Mama yangu, nkambo wako, Ngoie wa kwanza, aliuza cherehani yake nisafiri. Yule mtu wa njia ya Ulaya nilimwona mara mbili, mara ya tatu simu yake haikuita. Basi nikaanza kusuka nywele kando ya barabara, nimekalia kreti la soda, na usiku tunalala wanawake sita chumba kimoja, tunageuka kwa zamu. Hata hapo nilikuwa nasuka vizuri kuliko wote, hilo si uongo, waulize. Lakini ungemwandikia mama yako nini? Kwamba cherehani yake imekuwa kreti?

Studio ya Papa Fidèle ilikuwa na turubai nyingi. Kulikuwa na mnara wa Paris, kulikuwa na bahari, kulikuwa na gari jeupe lenye mlango wazi unaingia nusu. Mimi nikashika la Paris. Akanicheka.

"Paris, mama? Paris kuna watu wa Lubumbashi kuliko Lubumbashi. Na Brussels usiguse kabisa. Kesho mtu ataandika nyumbani, mbona huyu hatumwoni kanisani?"

"Sasa nichukue lipi?"

"Chukua hili la manjano. Vienna. Kuna mfalme alikaa humo. Mimi katika maisha yangu sijasikia Mkongomani wa Vienna. Hakuna wa kukuuliza."

Ndivyo nilivyochagua mji wako, mama. Si kwa uzuri. Kwa sababu hakukuwa na mtu wetu wa kunikamata.

Lile koti jekundu lilikuwa la studio. Mgongoni lilikuwa limepasuliwa kutoka shingoni mpaka chini ili liwaenee wanene na wembamba. Papa Fidèle alinifunga kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo, akaniambia nisipumue sana. Mbele malkia, nyuma gauni langu la kazini lenye mafuta ya nywele. Nikacheka mpaka akakasirika. Ile unayoiona usoni mwangu, unayosema kila siku ni ujasiri, ni kicheko nimekibana.

Nikampa picha dereva wa lori la Zambia, aseme kaipokea kwa mtu aliyetoka Ulaya. Nyuma nikaandika: Nimefika salama, mama. Huku Vienna ni baridi lakini watu ni wazuri.

Siku zile nilikuwa nampigia simu kila Jumapili ya pili, kwenye simu ya jirani, kutoka kwenye kontena la simu pale barabarani. Ile Jumapili baada ya picha kufika nilimsikia akipiga vigelegele kabla hajasema halo. Aliibeba ile picha sokoni, akaifunga kwenye nailoni isichafuke. Akawa anauza unga wake huku watu wanapanga foleni kuiangalia. Yaya Mado, dada yangu, aliniambia kuna mwanamke alisema, "Koti hilo si limemkaa kubwa mabegani?" na mpaka anakufa, mama hakumuuzia unga tena.

Mimi nikanogewa. Nisikufiche. Kila Jumapili nikaongeza chumvi. Nina chumba changu, nina sofa. Madirisha nayafuta mwenyewe, lakini ni ya kwangu. Mwaka ukapita hivyo. Nikampata Papa wako, nikapata mimba yako.

Sasa sikiliza hili lingine. Hili ndilo limenishinda miaka yote, picha ni mlango wake tu.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikapiga simu kama kawaida, akapokea Yaya Mado.

"Mama yuko kitandani wiki ya tatu. Tumbo. Hospitali wamesema tumrudishe nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Amekataza. Anasema usisumbuliwe. Subiri, ananyang'anya simu."

Ilikuwa Januari. Lile kontena la bati lilikuwa linawaka, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu. Nikasikia pumzi yake kwanza, kisha sauti ndogo, si ile ya kuita wateja.

"Huko baridi, mwanangu?"

"Baridi, mama."

"Vaa lile koti."

"Nimevaa, mama."

"Usije. Ndege ni pesa nyingi. Mimi nimeshakuona kwenye picha, inatosha."

Ngoie, mimi nilikuwa siku mbili kutoka kwake. Siku tatu, kama foleni ya mpakani Kasumbalesa ni mbaya. Mabasi yalikuwa yanaondoka hapa kila wiki, yamejaa wanawake wa Lubumbashi waliokuja kununua viatu na mafuta ya kujipaka na kurudi. Nilikuwa naweza kutembea kwa miguu yangu mpaka basi lilipo.

Nilirudi chumbani nikamwambia Papa wako. Akaenda kutoa begi chini ya kitanda.

"Linaondoka kesho. Nitakusindikiza mpaka unapanda."

"Nitafika na nini?"

"Na begi hili."

"Mtu wa Vienna anashuka kwenye basi la Zambia na begi la kamba na miguu imevimba? Mtaa mzima utamcheka mama. Atakufa anachekwa."

"Clarisse. Mama yako hangoji mtu wa Vienna. Atashuka mtoto wake, basi."

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia yeye mwanaume wa Kasaï haelewi watu wa Katuba. Nikasema nitakwenda nikipata nguo nzuri, nikipata zawadi za kugawa, sabuni za Ulaya, hata chokoleti. Nikazunguka maduka siku nne natafuta sabuni yenye maandishi ya Kijerumani. Siku nne! Jumapili nikapiga simu, ikapokewa na jirani, na nyuma yake nikasikia wanawake wanalia kwa kupokezana. Sikuuliza nani.

Miezi miwili baadaye ukaja wewe, nikakupa jina lake, kama inavyotakiwa. Kwetu ukimpa mtoto jina la mama yako, yeye ni mama yako. Ndiyo sababu sijawahi kukuita mjinga hata siku ulipochoma sufuria mbili kwa pamoja. Ndiyo sababu nikikupiga kofi ulikuwa unaniona baadaye nakupikia mandazi bila sababu. Nilikuwa naomba msamaha kwa wawili.

Nyumbani nikawaambia kwamba Vienna nimeiacha, nimemfuata mume Johannesburg, baridi ilikuwa inaniua mapafu. Wakaamini. Hapa kanisani nikawaambia vilevile, maana uongo ukishauleta mjini unakaa kama mpangaji, hauondoki wenyewe. Na tuseme ukweli, ulinipa kiti cha mbele. Mama Odette ndiye alikuwa ananichokoza, unamjua alivyo.

"Mama Ngoie, huko Vienna asubuhi wanakula nini?"

"Keki."

"Na mchana?"

"Keki na kahawa."

"Fufu hakuna?"

"Fufu ya nini kwenye nyumba ya mfalme, mama?"

"Eish! Ndiyo maana alikufa ufalme wake ukaisha."

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka kama mtu aliyekuwepo.

Kisha wewe, na miaka yako tisa, ukapanda kwenye sofa, ukaweka kidole kwenye yale madirisha. "Mama, ndani kulikuwa na nini?" Nikatafuta jibu kwenye dari. Nikasema, simba. "Simba?" Nikasema, ndiyo, wafalme wa kule walifuga simba nyuma ya nyumba kama nkambo wako alivyofuga kuku. Ulinywa hiyo hadithi na maziwa yako. Halafu una miaka kumi na minne ukaja mbio kutoka maktaba, hata mfuko wa shule hukuuvua. "Mama! Kweli kuna wanyama! Nyuma ya jumba kuna bustani ya wanyama, wanasema ni ya zamani kuliko zote duniani, aliianzisha mfalme!" Mungu wangu. Jumapili ile nilivaa kitenge kipya kwenda kanisani. "Si niliwaambia simba?" Nakuapia, kuanzia siku ile kuna asubuhi nilikuwa naamka nikikumbuka harufu yao.

Ndivyo unavyosikia mtu anajidanganya mwenyewe. Inakuja hivyo, na furaha.

Ungekuwa mtoto wa kawaida, ingeishia hapo. Lakini wewe si wa kawaida, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Hakuna mtoto wa barabara hii aliyesoma mambo ya kuhifadhi vitu vya kale mpaka walimu wakamwita ofisini kumpongeza. Mama wengine wanasema, "Wa kwangu yuko benki." Sawa, benki ziko kila kona. Wa kwangu anajua kuosha kitambaa cha miaka mia tatu bila kukichana. Na ulipotaka kwenda kusoma zaidi, ukachagua mji mmoja tu duniani. Nilikuambia, kuna London, kuna Cape Town hapa karibu. Ukasema, "Hapana, mama. Kule ulikosimama."

Na ile karatasi ya kuomba nafasi. Ulitusomea hapa mezani, unatafsiri kwa Kiswahili chako cha kukatikakatika kwa heshima yetu: Mama yangu ni msusi. Kabla sijazaliwa alisimama peke yake mbele ya jumba hili, mgeni, hana kitu, na hakuogopa. Papa wako akaweka kijiko chini akatoka barazani. Ulinong'ona, "Papa analia kwa furaha." Mimi nikaendelea kula. Niliwezaje kutafuna, sijui.

Wakakupa nafasi. Ukasema siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua begi, utakwenda pale mbele ya maji yanayoruka, utafute jiwe lilelile nililokanyaga, upige picha, uziweke mbili pamoja. Nilikuona umeikuza picha yangu kwenye simu, unapima madirisha kutoka kushoto. Nikaingia bafuni nikafungua bomba nisisikike.

Lakini nisikudanganye tena, hata hapo nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilisema, atafikiri wamebadilisha mawe.

Kilichonivunja ni Jumapili ile nilipokusuka kwa safari. Umekaa chini katikati ya magoti yangu, unanihadithia mji wako ili kichwa kisiume. Ukaniambia wafalme wa kule walivyozikwa kwa vipande, mwili kanisa moja, moyo umetiwa kwenye chombo cha fedha kanisa jingine. Nikasema, wazungu wana mambo, sasa siku ya ufufuo si watatafutana? Ukacheka. Kisha ukaniambia ya mlango.

Nakumbuka ulivyosema. Mfalme amekufa, jeneza limebebwa mpaka mlango wa kanisa la watawa, mlango umefungwa. Mtu anagonga na fimbo. Mtawa ndani anauliza, nani? Anatajiwa majina, mfalme wa huku, mfalme wa kule, mkuu wa nchi hii na ile, orodha ndefu. Mtawa anajibu, hatumjui. Anagonga tena. Nani? Anatajiwa vyeo vingine. Hatumjui. Mara ya tatu anagonga. Nani? Ni binadamu tu, mwenye dhambi. Mtawa anasema, mwacheni aingie.

"Mama, unaniumiza," ukasema.

Nilikuwa nimekaza mkono. Nikaomba samahani, nikafumua ule msuko, nikauanza upya. Nilikuwa namwona mama amelala kwenye godoro lake Katuba, mlango uko wazi, hata pazia limefungwa juu hewa ipite, na mimi huku Yeoville natafuta sabuni ya Kijerumani ili nipate cheo cha kuingilia.

Nilimwambia Papa wako alipotoka kazini. Alikuwa anavua viatu. "Mwambie kabla hajapanda ndege," akasema, akaenda kulala. Miaka yote hii hajawahi kunisaliti, wala hajawahi kuniunga mkono. Hata siku moja hajaitaja Vienna kwa mdomo wake. Chunguza, utaona.

Nikaanza na Yaya Mado, maana yeye ndiye alifunga macho ya mama. Nikampigia Jumatatu.

"Yaya, siku mama alipokufa sikuwa Ulaya."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Yeoville."

Nikasikia kuku wake. Nikasikia mtoto anafukuzwa uani.

"Yeoville ya Johannesburg?"

"Ndiyo, yaya."

"Kule jirani yangu anakokwenda kununua viatu? Anaondoka Jumatatu, Jumatatu nyingine amerudi anauza?"

"Ndiyo."

Akakata. Nikapiga, hakupokea. Jumanne hakupokea. Jumatano alipiga yeye, bila salamu.

"Alikuambia usije. Lakini kila jioni alisema tufunike sahani moja. Tulimwambia, mama, yuko Ulaya. Akasema, watoto hufika ghafla. Asubuhi chakula tulikuwa tunawapa kuku. Hilo nilikuwa nimekuficha nisikuumize, kwa sababu nilifikiri usingeweza."

Hilo ndilo neno lake, mama. Nimekuandikia kama alivyolisema ili lisibaki kwangu peke yangu, na pia kwa sababu jina ni lako.

Kisha akasema, "Matanga ya mama yako hujayakalia. Kitenge chako cha familia tulikikata siku ile, kiko sandukuni, kimekaa na nondo. Nakuja nacho. Utakaa chini kwenye mkeka kama watoto wengine walivyokaa, na nitakunyoa mimi mwenyewe."

"Yaya, mimi ni msusi. Kichwa changu ndicho kibao cha duka. Nikinyolewa wateja watasema nini?"

"Watasema umefiwa."

Kwa hiyo siku utakayonipigia simu ya picha usishtuke ukiona kipara. Nimeambiwa kichwa changu kina umbo zuri, tutaona.

Sasa tuje kwako, maana najua unafikiria nini. Ile karatasi ya maombi. Wewe uliandika ukweli uliokuwa unaujua, kosa ni langu lote. Papa wako anasema uwaandikie wale watu wa chuo. Mimi naogopa, Ngoie. Naogopa watasema mtoto wa mwongo hatumtaki, na nitakuwa nimekuibia tena. Nimekaa na hofu hiyo wiki nzima, nikaona siwezi kukuchagulia, maana kila nilipochagua kwa hofu nilichagua vibaya. Nyuma ya barua hii kuna karatasi nyingine, nusu ukurasa. Nimeandika jina langu lote na sahihi: binti yangu hakujua, mimi ndiye nilimdanganya tangu akiwa mtoto. Ukiamua kuwaandikia, itafsiri uitie humo. Ukiamua kuikunja, ikunje. Sitakuuliza.

Na ukienda kwenye lile jumba, usitafute jiwe langu. Pima madirisha mpaka uchoke, sipo. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kusimama pale. Wa kwanza ni wewe. Hilo lilikuwa lako toka mwanzo, mimi nilikuwa nimelikalia tu. Ukisimama, angalia nyuma ya koti lako kama limeshonwa. Limeshonwa, nimelikagua mwenyewe, mishono miwili miwili.

Picha nzuri zitume kwa Mama Odette na wenzake, wao wanazipenda, na mimi nitajisifu, nisikufiche, ulimi huu hautanyooka wote kwa wiki moja. Lakini mimi nitumie nyingine. Nitumie kitanda kabla hujakitandika. Nitumie dirisha hata kama linatazama ukuta. Ukilia nipigie ukiwa bado unalia, usingoje kunawa uso. Mimi nilimnawia mama yangu uso kila Jumapili mpaka akafa hajawahi kunisikia sauti yangu ya kweli, na sauti yangu ya kweli ilikuwa inamhitaji sana.

Na ukishindwa, rudi. Nasema kabisa, rudi. Usingoje kupata zawadi. Usingoje shahada. Rudi na begi la kamba, rudi umekonda, rudi na mimba, rudi na deni, rudi katikati ya wiki bila kupiga simu. Ukinikuta na wageni ingia hivyohivyo ulivyo.

Nimesikia lifti, sijui kama ni wewe, basi nimalize.

Nimewaambia mama wa kanisa wote waje hapa nyumbani, nimesema tu ni matanga ya mama yangu. Mama Odette akashangaa, "Matanga ya miaka ishirini na tatu?" Nikamwambia, njoo utasikia. Nitasimama na kipara changu niwaambie kama nilivyokuambia wewe, ila wewe umeambiwa wa kwanza. Papa Fidèle naye nimempelekea neno, siku hizi anapiga picha za hati za kusafiria na miguu yake ni mibaya, akasema atakuja polepole hivyohivyo. Yaya Mado ameshakata tiketi. Basi lake litaingia Park Station Ijumaa, Papa wako ameomba ruhusa kazini akampokee. Wewe utakuwa darasani na watu wako wapya. Sisi wengine wote, Jumamosi hii inayokuja, saa nane mchana.

Mama yako,
Clarisse